Jambazi wa Mazoezi

7 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limekuachia angalau upande mmoja wa kulalia. Sisi huku hatujambo. Mkweo anashona sare za shule tangu mwezi uanze na nyumba nzima ina nyuzi, mpaka kwenye chai tunazikuta. Mjukuu wako ameota meno ya mbele na amejifunza neno moja tu, "sitaki." Analitumia kwa kila kitu, hata kwa vile anavyovitaka. Ukimpa ndizi anasema sitaki huku anaimeza.

Nakuandikia kwa kuwa najua simu huipendi. Ulisema anayepiga simu anaingia ndani bila kubisha hodi, na karani wa posta hata akistaafu hubaki karani. Basi nimenunua bahasha.

Shangazi, nimepata kazi. Ukumbi wetu wa maigizo umefungwa kabisa, mwenye jengo anaugeuza ghala la mabati. Tangu hapo nilikuwa natangaza sabuni sokoni kwa kipaza sauti, hilo sikukuambia. Sasa nimechukuliwa na mama mmoja aliyekuwa polisi. Ameshaacha upolisi lakini watu wote bado wanamwita Afande. Anawafundisha wafanyakazi wa maduka na maofisini namna ya kukaa jambazi anapoingia: wasibishane, wasikimbie, mikono iwe wapi, macho yawe wapi. Anasema maneno matupu hayamsaidii mtu. Mwili ndio unaotakiwa kufundishwa, na mwili haufundishiki kwa hotuba. Kwa hiyo anahitaji mtu wa kuingia na kuwa jambazi.

Mtu huyo ndiye mimi.

Usishtuke. Wanajulishwa mapema siku na saa. Wanajua bastola ni ya mbao. Kuna neno moja, "kijiko," na yeyote akilitamka kila kitu kinasimama hapo hapo. Lilichaguliwa hilo kwa sababu hakuna anayeibiwa akataja kijiko kwa bahati mbaya. Tukimaliza tunakaa chini, tunakunywa chai, kila mtu anaeleza alichosikia mwilini.

Shida ni kwamba siogopeshi. Wiki iliyopita niliingia kwenye duka la vipuri vya magari nikapiga kelele zote nilizojaliwa, na keshia, mama wa makamo, akaniambia, "Kaka, punguza sauti, kuna mteja anaongea na simu." Watu walicheka mpaka wakakaa sakafuni. Afande hakucheka. Alinivuta pembeni akasema, "Wewe unapiga debe, huibi. Wakitoka hapa wanacheka, siku ya kweli watamkuta mtu tofauti na hawatajua la kufanya. Nitakuwa nimewadhuru."

Kwa hiyo nakuuliza jambo ambalo nyumbani kwako hatukuwahi kuliuliza. Mtu yule aliyeingia posta siku ile, alikuwa akizungumzaje? Sitaki mengine. Sauti tu, na namna alivyosimama.

Kama nimevuka mpaka, nifokee kwa barua ijayo.

Mwanao wa kulea,
Chiriku

28 Machi

Chiriku,

Marahaba. Barua yako haikuchelewa, mimi ndiye niliyechelewa.

Paa la jikoni lilivuja. Fundi akaja, akapanda, akaziba kwa ustadi mkubwa mahali palipokuwa hapavuji. Jirani yangu fundi saa amehamia kwa binti yake na ameniachia paka, paka mwenyewe ana dharau, anapita mbele yangu kama amepanga nyumba na mimi ndiye mgeni. Goti ni lile lile. Mwambie mkwe wangu apumzishe macho, cherehani haikimbii. Na huyo wa "sitaki" mwacheni aseme. Wewe ulianza na "bado," na mpaka leo hujamaliza.

Kuhusu sabuni, nilijua. Mtoto wa mama muuza mboga alikusikia sokoni akaja kuniambia kuna mtu ana sauti kama yako. Sikuandika kwa sababu nilijua ukitaka utasema.

Nimefurahi umepata kazi. Kazi yenyewe sijaifurahia. Sauti yako tangu utotoni ilikuwa ya kuchekesha watu. Ulikuwa unamwigiza mwalimu mkuu mpaka mwalimu mkuu mwenyewe akaja kuomba umwigize. Leo nisikie kwamba unalipwa uingie mahali watu wazima watetemeke. Halafu unatembea barabarani na bastola ya mbao kwenye begi. Atakayeiona hataigonga kwanza asikie kama ni mbao.

Huyo Afande simjui. Huenda ni mtu mwema. Lakini muulize swali hili kutoka kwangu: mtu akishatishwa, nani anamtuliza akifika nyumbani? Chai mnayokunywa naye inaisha pale pale. Yeye anapanda kitandani na ile sura yako.

Swali lako nimelisoma. Mchicha nilioupanda kando ya ukuta umeota vizuri.

Shangazi yako

2 Mei

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Leo mkweo ndiye anayeandika, mimi nasema tu, maana mikono yangu imejaa mtoto. Amekuwa mzito kama gunia la chumvi na hataki kushushwa.

Huku mambo yananyooka. Nilikaa siku nzima kwenye gereji ya rafiki yangu nikimwangalia fundi mkuu. Yule bwana hafoki hata mara moja, ila akisema "spana" vijana wote wanaruka. Nikajifunza kusema maneno machache. Sasa hawacheki. Tulirudi kwenye lile duka la vipuri, na yule mama wa "punguza sauti" safari hii aliweka mikono yake mezani bila kuambiwa. Baadaye akasema, "Hivi ndivyo, sasa nimeelewa." Afande alinipa mkono. Shangazi, yeye huwa hampi mtu mkono.

Swali lako nilimfikishia. Alisema ni swali zuri. Sasa siku inayofuata zoezi huwa anawapigia simu wote, mmoja mmoja.

Kuna siku moja haikwenda vizuri, lakini si ya kuandika.

Samahani kwa swali langu lile la Februari. Lifute.

Paka akiendelea na dharau mwambie nitakuja kuongea naye.

Chiriku

15 Mei

Chiriku,

Marahaba.

Nilikaa dirishani ujana wangu wote nikisoma mwandiko wa watu kuliko nilivyosoma nyuso zao. Mwandiko wa mkwe wangu ni mzuri, ila herufi zake zilikuwa zinatetemeka kila ulipofanya utani. Huyo mtoto hajaanza kubebwa leo, na siku zote ulikuwa ukiandika ukiwa naye mapajani, hata alama za vidole vyake vyenye uji ninazo hapa.

Mkono una nini?

Usinijibu kwa mzaha. Na usimtume mkwe wangu akudanganyie, yeye hajui na hakuzaliwa kwa kazi hiyo.

Shangazi

30 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Haya ni ya mkono wangu wa kushoto, uvumilie. Wa kulia umevunjika kwenye kifundo na umefungwa plasta. Daktari anasema unaunga vizuri. Mkweo alitaka kukuambia tangu siku ya kwanza, mimi ndiye niliyemzuia.

Ilikuwa hivi. Mwenye maduka kadhaa ya dawa alimwendea Afande akasema yuko tayari kuwafundisha wafanyakazi wake wote, wa kila duka. Lakini kwanza alitaka zoezi moja la ghafla, wasijulishwe. Alisema, "Wakijua, wataigiza na wao. Nataka kuona walivyo kweli." Afande alikataa. Yule bwana akarudi, akasema bila hilo hakuna mafunzo. Tukakaa tukapima. Upande mmoja asubuhi moja ya hofu katika duka moja. Upande wa pili watu wengi sana ambao wangefundishwa, na katika hao huenda mmoja angeokoka kwa sababu yetu. Afande akaniuliza mimi, kwa kuwa mimi ndiye ninayeingia. Nikasema twende. Nilisema haraka, Shangazi. Nilikuwa ndiyo kwanza nimejifunza kuogopesha, na nilitaka kujua kama naweza.

Naweza.

Niliingia, nikasema maneno yangu machache, na duka lote likafa ganzi. Mlinzi hakuwa ameambiwa. Alitoka kwenye chumba cha nyuma na rungu, akapiga mkono wenye bastola. Simlaumu, alifanya kazi yake. Nikaanguka nikipiga kelele, "Kijiko, kijiko." Nililisema neno lile mara nyingi sana. Hakuna hata mmoja mle ndani aliyejua maana yake. Walidhani nimechanganyikiwa.

Afande aliingia mbio akamzuia mlinzi asirudie. Mkono si kitu. Kulikuwa na binti wa kaunta. Alijisokomeza kati ya maboksi chini ya rafu, na hata tulipomwambia ni zoezi, hata bosi wake alipoinama akamwita, hakutoka. Alikuwa anatazama viatu vyangu. Mama yake ndiye aliyekuja kumtoa.

Hajarudi kazini. Juzi mimi na Afande tulikwenda kwao kuomba radhi. Alifungua mlango nusu. Nikasema yote niliyokuwa nimeyapanga, na mwishoni nikasema nilikuwa naigiza tu. Akaniambia, taratibu kabisa, "Wewe ulikuwa unaigiza. Mimi sikuwa naigiza." Kisha akafunga mlango polepole. Angeubamiza ningepata nafuu.

Ningekuwa nimeshaacha kazi. Barua ya kuacha ilikuwa imeandikwa kichwani. Lakini wiki hii hii yule mama wa duka la vipuri alimpigia Afande. Walivamiwa, wa kweli, watatu. Aliweka mikono mezani, akawaambia wenzake kwa sauti ya kawaida nao waweke, wale watu wakachukua walichotaka wakaondoka. Hakuna aliyeguswa. Alipiga simu kusema maneno haya tu: "Tumerudi nyumbani wote." Afande aliniambia akiwa amegeukia dirishani ili nisimwone uso.

Sasa niambie. Nikiacha, yule mama na wenzake ni wa mwisho kupata hilo. Nikiendelea, yule binti yuko ndani ya mlango ule kila ninapofunga macho. Tumeshaapa hakuna tena zoezi la ghafla, na yule mwenye maduka tumemwambia atafute wengine. Lakini hata kwa wanaojua, hata kwa kijiko, hofu ninayowapa ni ya kweli. Sijui nina haki gani ya kuigawa.

Chiriku

20 Juni

Chiriku,

Marahaba. Mwandiko wako wa kushoto ni mbaya na ni wa kweli, nimeusoma nikarudia. Funika hiyo plasta ukioga, isilowe. Mwambie mkwe wangu sina kinyongo naye. Paka ameanza kunisalimia, saa ya kula tu.

Nimekaa mezani tangu asubuhi. Sasa nakujibu swali la Februari.

Hakupiga kelele. Hilo ndilo la kwanza. Ilikuwa asubuhi, foleni fupi, nilikuwa nagonga mihuri. Akaja dirishani kwangu kijana aliyevaa shati lililopigwa pasi, akainama kama mtu anayeulizia stempu, akasema kwa sauti ya chini, "Mama, samahani. Fanya taratibu. Hatuna haraka." Sikuelewa. Nikamwambia, "Foleni inaanzia kule, mwanangu." Akatabasamu. Akasema tena vile vile, "Taratibu, mama," akasogeza gazeti lililokuwa juu ya kaunta, ndipo nikaiona ile bastola chini yake.

Mikono yangu ilikuwa pale lakini haikuwa yangu tena. Dirisha la pili alikuwa mwenzangu, kijana aliyeajiriwa mwaka ule. Alikuwa na tabia ya kupiga mluzi akipanga barua, mkuu wetu alichoka kumkataza. Mluzi ukakatika. Alikuwa ameona uso wangu. Chini ya meza zetu kulikuwa na kitufe cha kengele. Siku ya kuajiriwa kila mtu alionyeshwa kilipo. Hakuna aliyetuambia ni wakati gani usikiguse. Kwa pembe ya jicho nikaona bega lake linashuka. Nilitaka kumwambia aweke mikono juu ya meza. Maneno yalikuwepo, mdomo ndio haukuwepo. Yule kijana wa shati naye akaliona lile bega.

Yaliyofuata unayajua. Ulikuwepo kwenye mazishi ya mwenzangu, ulikuwa umeshika gauni langu.

Watu walisema alikuwa shujaa. Wengine walinong'ona kwamba alikuwa mjinga. Hakuwa hiki wala kile. Alifanya alichoonyeshwa.

Tangu siku ile mtu akiniita mama kwa sauti ya chini, nilichoshika kinanidondoka. Ndiyo maana mtaa mzima unaniita shangazi, niliwazoesha mimi mwenyewe. Na kuna jioni moja ulikuwa jikoni unasinzia, ukaniita mama, kwa sauti ya mtoto mwenye usingizi, ya chini. Nikakuambia usiniite hivyo, mimi ni shangazi yako. Ulilia. Ulidhani nimekukataa. Haikuwa hivyo, na sikuweza kukueleza.

Basi kazi yako naitazama hivi. Yule binti wa duka la dawa mlimpa kile nilichopewa mimi, na hamkumwomba ruhusa. Hilo hata mngeokoa mji mzima lingebaki lilivyo. Lakini nafikiria pia hivi: kama mwezi mmoja kabla angekuja mtu kama wewe na kibastola chake cha mbao, akatusimamisha pale madirishani, na kijana wa mluzi akashusha bega, na Afande akamwambia, "Hapo umeshakufa, rudia," tungecheka. Angerudia. Leo angekuwa mtu mzima mwenye kitambi.

Hilo nimelifikiria maisha yangu yote bila kujua kwamba kuna watu wanalifanya kama kazi.

Nina ombi. Nataka kuja. Nataka kusimama dirishani, nawe uingie kama yeye.

Shangazi

9 Julai

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Plasta imetolewa, mkono umekuwa mwembamba kama wa mtu mwingine. Mjukuu wako amejifunza neno la pili, "tena."

Barua yako niliisoma nikiwa nimekaa kwenye ngazi za nje. Mkweo akanikuta, akaniuliza nani amefariki. Nikamwambia ni mtu wa zamani. Kuhusu jikoni, sikumbuki kulia. Nakumbuka tu kwamba wewe ni shangazi, na kwamba kila nilipoamka ulikuwepo.

Ombi lako nililikataa nilipolisoma. Nilikuwa nimeshaandika barua nzima ya kukataa, yenye presha yako ndani yake, goti lako, umri wako. Nisamehe, nilimsimulia Afande ili aniunge mkono. Hakuniunga. Alisema, "Yule binti ulimkosea kwa sababu hukumuuliza. Huyu anauliza mwenyewe na wewe unamwamulia. Ni kosa lile lile, umeligeuza upande wa pili tu."

Nikamwambia, "Akianguka je?"

Akasema, "Anaweza kuanguka. Mwambie hivyo. Umwambie na kila tutakachofanya ili asianguke, halafu umwache achague."

Basi nakuambia. Unaweza kuumia. Huenda ukarudi nyumbani ukiwa na hali mbaya kuliko uliyokuja nayo, na mimi ndiye nitakayekuwa nimekufanya hivyo. Afande hana hakika, na mimi sina. Siku ya kwanza utakaa kwenye kiti na kutazama tu. Ukitaka kuishia hapo, tutaishia hapo. Mkweo atakuwa pembeni, na muuguzi mmoja rafiki yake Afande. Wanaofundishwa wiki hiyo ni wa ofisi ndogo ya kupokea vifurushi, wana madirisha kama yenu. Tutawauliza kwanza kama wanakubali uwepo.

Na kijiko si chako peke yako. Mimi pia ninacho. Nikikisema, usinikasirikie.

Kama bado unataka, njoo mwanzoni mwa mwezi ujao.

Chiriku

18 Agosti

Chiriku mwanangu,

Marahaba. Nilifika salama. Paka alinitazama kama mtu aliyemaliza mkataba wake, akaenda kwa jirani, jioni akarudi. Mkwe wangu alinifungia maandazi mengi kiasi kwamba dereva aliniuliza kama nafungua hoteli. Mjukuu wangu ananiita "tena." Nimelikubali jina hilo.

Uliniuliza pale mlangoni nilikuwa nasikiaje, nikakujibu nimechoka. Ilikuwa kweli, ila haikuwa jibu. Wewe ulikuwa upande wa mlango, kuna mambo hukuyaona.

Mara ya kwanza ulipoingia, nilikuona ni wewe. Mkono wako ule mwembamba, viatu vile. Ulipoinama ukafungua mdomo, ukasema "kijiko," watu wakacheka, nami nilicheka nao. Nilikuambia, "Rudi mlangoni." Nilisema kwa ukali kwa sababu nilijua nikikuhurumia pale pale hatutaanza tena.

Mara ya pili sikukuona. Sijui ulifanyaje. Shati, kuinama, halafu ile sauti. "Mama, samahani. Fanya taratibu." Mikono ikaondoka kama siku ile. Nikasema moyoni, basi, umekuja kote huku kuthibitisha kwamba hakuna kilichobadilika. Neno kijiko lilikuwa mdomoni. Mkwe wangu aliniambia baadaye kwamba alikuwa ameshasimama.

Kwenye dirisha la pili, unakumbuka, alikuwa yule binti mwenye miwani, mgeni wa pale ofisini. Nikaona kwa pembe ya jicho bega lake linashuka. Nikasikia mtu anasema, "Mikono juu ya meza, mwanangu. Mtazame yeye, usitazame chini." Sauti haikuwa kubwa. Ilikuwa ya mtu anayemwambia mteja aandike anwani vizuri. Nilichelewa kujua kwamba ni yangu.

Akainua mikono akaiweka mezani. Wewe ukachukua kifurushi chako ukatoka, mlango ukafungwa. Ndipo nikaketi. Mlidhani nalia kwa hofu, mkaniletea maji. Yule binti akaniuliza, "Shangazi, ulijuaje kwamba nilitaka kubonyeza kitufe cha kengele?" Nilimshika tu mkono, nikamshika mpaka akaona aibu.

Sasa sikiliza, maana wewe na Afande mnapenda kuandika maazimio. Mtu huyu wa sauti ya chini usimwigizie kila mtu. Waulize kwanza, mmoja mmoja na faraghani, nani ameshawahi kuona la kweli. Anayekataa asiulizwe sababu. Kwa wengi, yule wako wa gereji anatosha. Yule binti wa duka la dawa mwacheni. Akitaka kuja atakuja. Asipokuja, mzigo huo ni wako, ubebe bila kuupeleka tena mlangoni kwake. Na kazi usiache. Siku utakapoona hupati tena shida kabla ya kuingia, siku hiyo acha.

Mimi siji tena. Usiniombe, na Afande asiniombe. Nililala siku nzima baada ya kufika, na juzi mhudumu wa zahanati aliniita mama akinipa dawa ya goti, nikajimwagia maji mapajani. Hivyo usidhani nimepona.

Lakini Jumamosi nakwenda kwa mama yake yule kijana wa mluzi. Anakaa mtaa wa pili tu kutoka hapa. Miaka yote hii nimekuwa nikizunguka njia ya nyuma ili nisikutane naye, kwa sababu nilijua ataniuliza mwanawe alikufaje, na mimi ndiye niliyekuwa karibu. Nitapeleka sukari kidogo. Nitabisha, nitakaa. Akitaka kuulizia mvua, tutaongea mvua. Akiuliza lile, nitamwambia lote, mpaka pale mluzi ulipokatika.

Barua hii naiweka posta kesho asubuhi. Dirisha la pili wamelifanya la malipo ya umeme, kuna foleni ndefu. Nitapanga foleni huko huko, nilipie na umeme wangu.

Shangazi yako